Aliyesikiliza Bure, Je, Anadaiwa?



Siku chache baada ya Pasaka mpwa wetu alikuja kututazama kutoka mjini alikoajiriwa kazi ya ukarani. Ni kijana mwema wa miaka ishirini na saba, asiyekunywa wala kucheza kamari. Alikaa barazani amevaa visikilizio masikioni, na kila baada ya muda mfupi akawa anacheka peke yake. Sisi wazee tulilelewa kujua kwamba mtu akicheka peke yake hana budi kuulizwa kulikoni, basi tukamwuliza. Akatueleza kwamba anawasikiliza marafiki watatu wa Marekani wanaozungumza juu ya sinema mbaya.

Tulidhani tumesikia vibaya. Lakini ndivyo ilivyo. Mabwana hao ni Dan McCoy, Stuart Wellington na Elliott Kalan, na kipindi chao kinaitwa The Flop House. Kilianza mwaka 2007 huko Brooklyn, katika jiji la New York. Desturi yao ni kutazama sinema iliyoharibika, kisha huketi mbele ya kinasa sauti na kubishana: je, ubaya wake ni ubaya mtupu, au ni ubaya wa kuchekesha, au labda walikuwa wameipenda kidogo kwa siri? Halafu husoma barua za wasikilizaji, na mwisho kila mmoja hutaja sinema nzuri ili msikilizaji asiondoke mikono mitupu. Wawili kati yao walikuwa waandishi wa kipindi maarufu cha televisheni cha vichekesho vya habari, na wa tatu alifungua baa. Maana yake ni kwamba kipindi chao kilianza kama mazungumzo ya marafiki baada ya kazi, si kama kazi.

Hadi hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulizuka wakati wa chai, kijana alipotaja kwamba kila mwezi huwapelekea dola tano kwa kadi yake ya benki. Dola tano ni zaidi ya shilingi 12,000 za Tanzania. Mama yake, ambaye ni dada yetu, aliweka kikombe chini. Nyumba ya dada yetu inavuja. Amekuwa akiweka akiba ya mabati ishirini tangu mwaka juzi, na kijana huyu amekuwa akimsaidia, kweli, lakini si kila mwezi. "Wazungu wale wana nini wasichokuwa nacho hata wakuombe wewe?" akauliza. Nasi tulimwunga mkono dada yetu papo hapo, kwa maneno makali kuliko yaliyohitajika.

Kijana hakujibu kwa hasira. Alisema hivi: "Mjomba, nimewasikiliza miaka minne. Nimewasikiliza nilipokuwa sina kazi, na nilipokuwa naugua, na kila siku nikiwa kwenye daladala. Hawajanidai hata senti. Sasa nina mshahara. Je, sina deni?"

Swali hilo lilitukosesha usingizi, na ndilo lililotufanya tumwandikie mhariri. Tumefundisha kwa miaka thelathini na sita, na tumejifunza kwamba mtoto akiuliza swali ambalo mwalimu hana jibu lake, mwalimu asimwambie akae chini.

Kwanza tueleze mambo haya ya vipindi vya simu, maana wengi wetu hatuyafahamu. Huitwa podikasti. Jina hilo lilitumiwa gazetini mara ya kwanza na mwandishi Mwingereza, Ben Hammersley, mwaka 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaanza kuviweka vipindi hivyo mahali ambapo kila mwenye kifaa chake angeweza kuvipata. Tofauti yake na redio ni kwamba hapana mnara wala kibali cha masafa. Mtu huongea chumbani kwake, hupakia sauti yake kwenye intaneti, na msikilizaji aliye popote huipakua wakati anaopenda. Wapenda sinema walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuidandia njia hiyo. Mwaka 2005 huko Chicago, Adam Kempenaar na Sam Van Hallgren walianza kipindi chao cha kuzungumzia sinema, ambacho leo huitwa Filmspotting. Tangu hapo wamekuja wengine wasiohesabika, wengi wao wawili au watatu waliokuwa marafiki tangu zamani.

Kwa kuwa hapana mlango, hapana tiketi. Hapo ndipo penye shauri letu. Anayeuza maandazi hukupa andazi nawe unampa fedha yake, na mambo yamekwisha. Lakini kipindi hiki ukikisikiliza wewe, hakipungui hata chembe kwa ajili ya mwingine. Watu elfu wanaweza kuchota katika kisima kile kile na maji yakabaki pale pale. Basi mtu atasema, ikiwa sijapunguza kitu cha mtu, nimemkosea nani? Na husema kweli, kadiri ya maji. Ila kisima hiki kina kamba na ndoo. Kuna vinasa sauti, kuna kodi ya mahali pa kuhifadhi sauti zile, kuna mtu anayekata maneno yaliyopwaya na kikohozi. Na kubwa kuliko hayo, kuna jioni za watu. Sinema moja ni saa mbili, mazungumzo yake ni saa moja na nusu, na kuyasafisha ni saa nyingi zaidi. Kwa miaka mingi hivyo, jioni hizo ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu.

Watu wametafuta njia tatu za kulipia sauti inayopita hewani. Ya kwanza ni sheria. Waingereza walipoanzisha BBC mwaka 1922, kila mwenye redio alitakiwa kulipa leseni ya shilingi kumi kwa mwaka, apende asipende. Ya pili ni matangazo ya biashara. Ya tatu ndiyo hii ya kumwomba msikilizaji, nayo si ngeni kama tulivyodhani.

Mwaka 1946 Mmarekani mmoja aitwaye Lewis Hill, aliyekuwa amekataa kupigana katika vita vikuu vya pili kwa sababu ya dhamiri, aliunda shirika liitwalo Pacifica, na mwaka 1949 likafungua kituo cha redio KPFA katika mji wa Berkeley, California. Hakutaka matangazo ya sabuni, wala hakutaka fedha za serikali. Aliwaomba wasikilizaji wenyewe wajiandikishe na kulipa kwa hiari. Jambo lililotushangaza ni hesabu yake: aliamini kwamba wakijitolea asilimia mbili tu ya watu wanaoweza kuwa wasikilizaji, kituo kitaishi. Hakuishi kwa raha. Mwaka 1950 fedha ziliisha na kituo kikanyamaza, nao wasikilizaji wakachangishana hata kikafunguliwa tena mwaka 1951. Kipo mpaka leo.

Asilimia mbili! Tuliposoma habari hiyo tulitulia kidogo. Maana yake ni kwamba Bw. Hill tangu mwanzo aliwahesabu tisini na wanane watakaosikiliza bure, wala hakuwaita wezi. Aliwaandalia nafasi. Akili ya mpango wake ilikuwa hivi: wawili wawalipie tisini na wanane, si kwa sababu tisini na wanane ni waovu, bali kwa sababu kitu hicho kinafaa kuwapo kwa wote, pamoja na yule asiye na shilingi. Mpwa wetu, alipokuwa hana kazi, alikuwa mmoja wa wale tisini na wanane. Msikilizaji asiyemjua, pengine dereva wa lori huko Ohio, alikuwa amemlipia.

Ikiwa ni hivyo, je, deni lake ni kwa nani? Kwa mabwana wale watatu, au kwa yule dereva, au kwa kijana mwingine asiye na kazi atakayekuja kesho? Swali hili tunaliacha hapa kwanza.

Turudi nyuma zaidi. Tulipokuwa chuo cha ualimu mkufunzi wetu wa falsafa ya elimu alikuwa akipenda sana kitabu cha Aristotle juu ya maadili, ambacho sehemu ya nane na ya tisa zake zinahusu urafiki. Tulikuwa tumekisahau. Tulikifungua tena kwa ajili ya mpwa huyu, na mwanzoni kabisa mwa sehemu ya tisa tukakuta kisa ambacho kingeweza kuwa kimeandikwa jana. Mtu mmoja alimwahidi mpiga kinubi kwamba kadiri atakavyopiga vizuri zaidi ndivyo atakavyolipwa zaidi. Mpiga kinubi akapiga kwa nguvu zake zote. Kesho yake asubuhi akaja kudai. Yule bwana akamjibu kwamba amekwisha kumlipa: wewe ulinifurahisha kwa wimbo, nami nilikufurahisha kwa tumaini la malipo, basi tumelipana furaha kwa furaha.

Wanafunzi wenzetu walicheka sana siku ile, nasi tulicheka. Lakini Aristotle hakucheka. Alisema, kwa maneno yetu, kwamba kama wote wawili wangekuwa wanatafuta furaha tu, hesabu ingekuwa sawa. Kosa ni kwamba mmoja alitafuta furaha na mwingine alitafuta riziki, na kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Ugomvi mwingi wa marafiki, asema, hutoka hapo.

Sura hiyo hiyo inamtaja Protagoras, mwalimu wa Kigiriki aliyefundisha kwa malipo. Yeye, akimaliza kufundisha, alimwachia mwanafunzi akadirie mwenyewe elimu aliyoipata ina thamani gani, kisha akapokea kiasi hicho. Sisi tuliolipwa mishahara kwa ngazi za serikali hatukuwahi kujaribu njia hiyo, na tukikumbuka baadhi ya vidato tulivyovifundisha, tunashukuru. Lakini angalieni: mabwana wa Brooklyn wanafanya alivyofanya Protagoras. Wanatoa kwanza. Kisha wanasema, wewe uliyesikiliza, kadiria.

Hapa tunataka kusimulia jambo letu wenyewe, maana hasira yetu barazani siku ile ilikuwa na mizizi ya zamani, wala mpwa wetu hakuijua.

Mnamo miaka ya mwanzo ya themanini tulikuwa walimu watatu vijana katika shule ya msingi ya kijijini. Mara moja au mbili kwa mwaka gari la sinema la serikali lilikuja, likatundika kitambaa cheupe kiwanja cha mpira, na kijiji kizima kikakesha. Gari likiondoka, watu walibishana juu ya picha ile kwa majuma kadhaa. Je, yule mkulima alikuwa mjinga kweli au alidanganywa? Kwa nini picha ilikatika kabla ya harusi? Sisi watatu tukaona tufungue darasa moja kila Jumamosi jioni, mtu apendaye aje, tuzungumze. Picha zilipokwisha kuzungumzwa tulisoma gazeti. Gazeti lilipokosekana tulisimulia hadithi za vitabu tulivyosoma chuoni. Tulikuwa na karabai moja, mali ya shule. Mafuta ya taa yalikuwa adimu miaka ile, kama mnavyokumbuka, na yalipokwisha katikati ya mazungumzo tulicheka na kuendelea gizani. Wakati mwingine giza lilikuwa bora, maana akina mama waliokuwa kimya walianza kusema.

Watu wakaongezeka. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema si haki walimu wanunue mafuta kwa fedha yao. Tukaweka kopo la maziwa ya unga mlangoni, kila mtu shilingi moja kwa hiari. Mwenzetu aliyefundisha hesabu akawekwa kulitunza.

Majuma mawili ya kwanza tulifurahi. Juma la tatu, bwana mmoja aliyekuwa ametia shilingi yake alisimama akasema yeye hataki hadithi ya kitabu, anataka habari za mpira. Zamani angesema vile vile na tungemcheka, naye angecheka. Siku ile tulinyamaza, kwa sababu alikuwa ametoa. Tukazungumza habari za mpira, ambazo hakuna kati yetu watatu aliyezijua vizuri.

Baada ya miezi mitano tukafungua kopo na kuhesabu. Kwa hesabu zetu zilipungua shilingi 38. Labda tulihesabu watu vibaya. Hakuna aliyekuwa na daftari. Labda wengine waligusa kopo bila kutia kitu, wakaona haya kupita hivi hivi. Hatukumwuliza mwenzetu. Laiti tungemwuliza! Tulimtazama tu, sisi na yule mwingine, kisha tukazungumza wawili tulipokuwa njiani kurudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakuja. Aliacha kopo na fedha juu ya meza ya darasa, na ndani yake alikuwa ameongeza shilingi 38 kamili. Hatukuelewa, na mpaka leo hatuelewi, kama zilikuwa ni kurudisha au ni kulipia aibu ambayo haikuwa yake. Mwisho wa mwaka akaomba uhamisho.

Kabla ya kopo, mafuta yakiisha hapakuwa na wa kujibu. Baada ya kopo, lazima awepo wa kujibu, nasi hatukuwa tumepanga namna ya kujibu. Hilo ndilo tuliloliona barazani kijana alipotaja dola tano. Tuliwaona marafiki watatu na kopo mlangoni.

Kwa hiyo tulimwomba mpwa wetu atueleze fedha ile inakwendaje, tukitarajia mabaya. Kipindi chao kimo katika umoja wa vipindi vingi uitwao Maximum Fun, wenye makao Los Angeles, ulioanzishwa na mtangazaji Jesse Thorn. Mara moja kwa mwaka, kwa kawaida wakati wa majira ya machipuko ya kwao, hufanya majuma ya kuchangisha. Msikilizaji anayejiandikisha hutaja vipindi anavyosikiliza, na fedha yake, baada ya kutolewa gharama za umoja, hugawiwa vipindi hivyo. Mwaka 2023 Bw. Thorn aliacha kuwa mwenye mali peke yake: umoja ule ukageuzwa kuwa ushirika unaomilikiwa na wafanyakazi wake. Sisi tulioishi enzi za ushirika tunajua kwamba jina peke yake halizuii mchwa. Hata hivyo mtunza kopo hapo si rafiki mmojawapo. Kuna daftari. Laiti tungelikuwa na daftari.

Wengine hutumia njia ya Patreon, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2013 na mwanamuziki Jack Conte pamoja na Sam Yam. Bw. Conte alikuwa ametumia maelfu ya dola kutengeneza filamu fupi ya wimbo wake, akaona matangazo yatamletea kidogo sana ingawa watazamaji walikuwa wengi. Akaunda njia ya mashabiki kulipa kila mwezi, na kampuni hukata sehemu yake.

Kuna jambo moja katika mipango hii ambalo hatulipendi. Anayelipa hupewa vipindi vya ziada ambavyo asiyelipa hasikii. Mpwa wetu anaviona kuwa asante tu. Sisi twaona kwamba hapo zawadi inaanza kuvaa nguo za biashara. Bw. Hill alitaka wawili wawafungulie mlango tisini na wanane. Hapa kuna chumba cha ndani, na wawili wameingia wakafunga. Ni chumba kidogo, kweli, na cha nje kingali wazi. Lakini tuliona jinsi bwana wa mpira alivyobadilika kwa shilingi moja.

Pamoja na hayo, tukilinganisha na matangazo ya biashara, twaona heri kuomba. Vipindi vingi vya aina hii huwafanya watangazaji wenyewe wasifu godoro au nyembe kwa kinywa chao, katikati ya mazungumzo, kwa sauti ile ile ya urafiki. Sauti uliyoizoea kwa miaka, iliyokuchekesha ukiwa mgonjwa, sasa inakuambia godoro hili ni zuri. Je, analipenda godoro, au amelipwa? Hata yeye mwenyewe baada ya muda hajui. Anayeomba waziwazi hakufichi kitu. Anasema, tunahitaji fedha, na wewe unaweza kukataa.

Lugha yetu inayatofautisha mambo haya vizuri. Kuuza ni kutoa kitu na kushika bei. Kudai ni kutaka kilicho chako. Kuomba ni kutaka kilicho cha mwingine. Na kuna kuchangisha, ambako anayeita watu naye ametia chake kwanza. Dada yetu alisikia kuomba, akaona aibu kwa niaba ya watu wazima wenye kazi. Mpwa wetu alisikia kuchangisha. Na sisi, kwa ajili ya shilingi 38, tulisikia kudai. Wote watatu tulikuwa tunazungumzia dola tano zile zile.

Mtume Paulo alilifahamu shauri hili. Katika sura ya tisa ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho anathibitisha kwa hoja nyingi kwamba mwenye kufanya kazi ya neno ana haki ya kula kwayo, kisha anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Alishona mahema. Twaona kwamba hakuwalaumu walioitumia. Alijua tu kwamba kuwa na haki ya kupokea ni jambo moja, na kunyosha mkono ni jambo jingine, na kila mtu hupima mahali alipo.

Lakini neno "deni" alilolisema kijana bado lilitusumbua. Tulimwuliza kama anawaona watu wale kuwa rafiki zake. Akafikiri, akasema, "Nawajua, Mjomba, lakini hawanijui." Ni jibu la kweli kuliko tulivyotarajia. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya urafiki wa namna hii ambao redio na televisheni huuzaa: mtazamaji humzoea mtangazaji kama jirani, kumbe ujirani una upande mmoja. Hawakusema ni ugonjwa. Walisema ni jambo lililopo. Basi deni la urafiki kijana hana, maana rafiki hudaiwa kuja msibani, na watu wale hawatakuja kwake wala yeye kwao. Wala hana deni la duka, kwa sababu hakuna bei iliyotajwa. Alichonacho, kama tunaona sawasawa, ni shukrani iliyotafuta mahali pa kwenda. Shukrani haidaiwi mahakamani, lakini mtu akiizuia kila mara huwa mkavu.

Na zamu ya mambo? Hapo hatukumwachia. Tulimwambia kwamba shukrani kwa walio mbali haipaswi kutangulia paa la mama yake, na kwamba fedha ikatwayo na benki yenyewe kila mwezi ina hila moja: hutoka bila moyo kuulizwa, ilhali fedha ya mama husubiri mpaka akumbukwe. Alikubali haraka mno, tukajua kwamba alikuwa amekwisha kujiambia hivyo.

Jioni ya mwisho kabla hajarudi mjini alitutia kisikilizio kimoja sikioni. Kiingereza chao ni cha haraka na mizaha mingi ilitupita. Lakini ilifika sehemu ya kuomba msaada, na hapo sauti ikabadilika. Mmoja wao alianza kueleza, akajikwaa, akafanya mzaha, wenzake wakamdhihaki, akaanza tena. Tuliifahamu sauti ile. Ndivyo tulivyojikwaa sisi, Jumamosi ile tulipolionyesha kopo kwa mara ya kwanza na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa wa kusema. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyesema.

Tumeuliza habari zake kwa walimu wastaafu wenzetu. Inasemekana yu hai, anaishi kwa mwanawe wilaya ya jirani. Nauli si kubwa.

Mpwa wetu ameendelea na dola zake tano. Juma lililopita alileta mabati sita kwa lori la mizigo, na sasa mama yake anayo kumi na manne.